Uzi: Mgongo wangu umekataa kupona tangu Mei 2021, na nilichokuja kuelewa baada ya farumasi kunimalizia pesa

Fundi_Majengo

Wakubwa kwa wadogo, hodi humu. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Goma, mama wa watoto wanne. Huu uzi nimeuahirisha sana kwa sababu mgongo wenyewe haukuniruhusu kukaa nikauandika. Leo naandika nikisimama na kukaa, kwa hiyo mkiona nimeruka kutoka jambo hili hadi lile, mnivumilie.

Waliokuwa mjini 2021 wanajua. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, na siku tano baadaye kartie (mitaa) kumi zikaambiwa zihame. Majengo ilikuwamo. Nilibeba godoro kichwani, mtoto wa mwisho mgongoni, na mkononi gunia lenye kichwa cha cherehani, maana cherehani ndiyo shamba langu. Kutoka hapa mpaka Sake ni kama kilomita 25. Tulipofika, kiuno kilikuwa kimekaza kama ubao. Nikasema ni uchovu. Juni tukarudi nyumbani, uchovu ukaisha, kiuno kikabaki vile vile.

Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kutafuta dawa. Nilichanjwa chale, nikaumikwa pembe, nikakandwa na mafuta ambayo mpaka leo sijui yalikuwa ya mnyama gani. Mama mkwe alisema nimetupiwa kitu, nikapelekwa chumba cha maombi siku tatu. Sitawacheka waliofanya hayo, nami nilifanya yote. Sala zilinipa usingizi wa usiku mmoja, na usiku mmoja wakati ule haukuwa kitu kidogo.

Ila lililotaka kuniua ni kipakiti. Farumasi moja ya kona (sitaitaja) ilinifungia vidonge vya rangi tatu ndani ya karatasi, bila jina, eti "hii inakata kabisa". Na kweli ilikata, ndiyo ubaya wake. Nilirudi kununua miezi minne mfululizo. Uso ukavimba kama mandazi, usiku kukojoa hakuishi, tumbo likawa linawaka moto. Daktari mmoja alivimwaga mezani akavitenga kwa ncha ya kalamu: hivi ni dexa (deksamethasoni, dawa ya steroidi), hivi ni diklofenaki (ya maumivu), hivi hata mimi sivijui. Akanieleza kwamba dexa ukiimeza kwa wiki nyingi, mwili unaacha kutengeneza homoni ya kwake inayofanana nayo, kwa hiyo usiikate siku moja, utaanguka. Inapunguzwa polepole na daktari akiwa anakutazama. Diklofenaki nayo inachimba tumbo, inapandisha presha na kuchosha figo. Kama una kipakiti cha aina hiyo nyumbani, kibebe umpelekee daktari kama kilivyo, usikitupe kwanza.

Halafu ikaja picha. Nilipiga radio (eksirei), aliyeisoma akaniambia, bila hata kunitazama usoni: "Mama, pingili zako zimelika. Usiiname tena." Neno lile liliniumiza kuliko godoro. Niliacha kuinama. Niliacha kufagia, kufua, hata kuokota bobini (kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani) ikianguka, namwita mtoto. Mume wangu, mtu mzuri, akawa ananifanyia kila kitu. Na kadiri nilivyojilinda, ndivyo mgongo ulivyozidi kuuma. Nikafika mahali kupiga chafya tu kunanitoa machozi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa kinezi, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo. Hakunigusa siku ya kwanza. Aliniomba bobini, akaidondosha sakafuni makusudi, akasema, "Niokotee." Nikashika ukuta, nikashuka na goti moja kama mtu anayepokea baraka. Akauliza, "Mbona pumzi umeifunga?" Sikuwa najua nimeifunga.

Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Unakumbuka zile wiki baada ya volkano, ardhi inatikisika mchana na usiku? Hata ilipotulia, Fuso likipita barabarani mlifanya nini?" Nikacheka. Tulikuwa tunatoka mbio nje, wengine na mwiko mkononi. Jirani yangu alilala na viatu mpaka Agosti. "Miguu yenu ilikuwa inasema uongo?" Hapana, ilikuwa inatulinda. "Lakini tetemeko lilikuwepo?" Halikuwepo, lilikuwa Fuso. Akasema, "Basi na neva zako. Nyama iliyoumia njia ya Sake ilishapona, nyama haichukui mwaka. Ila uti wa mgongo wako na ubongo bado vinalala na viatu. Kila ukiinama, wao wanasikia tetemeko."

Nililia pale. Si kwa uchungu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu aniambie kwamba maumivu ni ya kweli kabisa, na kwamba mgongo haujaoza, yote mawili kwa mara moja.

Nikamuuliza dawa ya kuvua viatu ni ipi. Akanijibu kwa swali tena: "Nyinyi mliacha namna gani kukimbia?" Hakuna aliyetupa kidonge. Fuso la kwanza tulikimbia, la kumi tulisimama mlangoni, baada ya muda tukawa tunaendelea kumenya viazi. Basi ndivyo nilivyotakiwa kufanya na kuinama: kidogo, kila siku, pumzi ikiwa wazi, mpaka mwili uone hakuna kinachobomoka.

Sasa hapa ndipo ufundi ulinisaidia. Alitaka nisikae zaidi ya dakika 15 kwa mara moja. Lakini mimi nikishika kitambaa sitazami saa. Nikaanza kujaza bobini nusu. Uzi wa chini ukiisha, nasimama, natembea mpaka kwenye lango na kurudi, najinyoosha, ndipo nashika bobini nyingine. Kila wiki nikawa naongeza raundi chache za uzi. Mafundi wenzangu walinicheka, eti bobini nusu ni uvivu. Ilinichukua miezi saba kurudi kwenye bobini iliyojaa.

Kosa langu kubwa halikuwa siku mbaya, lilikuwa siku nzuri. Mara ya kwanza kuamka bila maumivu nilishona sare za shule tangu asubuhi mpaka saa nne usiku, nikalala kitandani siku tatu. Nikafanya hivyo tena, na tena. Kinezi akaniambia: kipimo kiwe kile unachoweza siku mbaya, na siku nzuri usikivuke kwa pupa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Nani ana siku nzuri Goma akaiacha ipite?

Maji: bidoni ya lita 20 nimeiacha, natumia mbili za lita 10, moja kila mkono. Usiku nalala ubavu na mto katikati ya magoti. Mgongo ukichachamaa, kitambaa cha maji moto, kutembea ndani ya kiwanja, na parasetamo nikishindwa, si zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Je, nimepona? Hapana. Zamani nikiambiwa nipime maumivu kwa kumi nasema nane, sasa nasema tatu au nne, na kuna siku nasahau kuhesabu. Nashona, nafagia, nabeba mjukuu. Ulizeni.

Kinezi_Himbi

Mama Fundi, mimi ni kinezi pia, si yule aliyekutibu, ila nampa mkono. Mniruhusu niongeze, kwa sababu watu watasoma wakimbilie kuinama bila kupimwa.

Kuna mgongo ambao haungoji mazoezi. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mguu ukilegea, hiyo ni hospitali leo hii, si kesho. Ukiwa na homa, jasho la usiku, uzito unashuka, umewahi kuwa na kansa, au maumivu yalianza kwa kuanguka vibaya, upimwe kwanza. Na kwetu hapa kifua kikuu kisisahauliwe: kinaingia mpaka kwenye pingili, hata kwa mtu asiyekohoa. Nimeona watu waliokandwa mwaka mzima mpaka nundu ikatokea, kumbe walihitaji dawa za kifua kikuu.

Hayo yakiondolewa, ndipo tunazungumza maumivu sugu, yaani yaliyovuka miezi mitatu. Kwenye orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, kuna maumivu sugu yanayohesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, si kivuli cha ugonjwa mwingine.

Kuhusu hilo neno "zimelika". Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu ambao hawaumwi kabisa. Wenye miaka 20, 37 kwa mia walikuwa na diski (mito ya kati ya pingili) zilizochakaa. Wenye miaka 80, 96 kwa mia. Ni kama mvi. Ningetamani kila radio ya mgongo itoke na maneno hayo yameandikwa pembeni.

Na ile ya kusugua goti ukijigonga? Si upuuzi wa mama zetu. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza tangu 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango: ujumbe wa kuguswa unaweza kuubana ujumbe wa maumivu usipite wote. Kitambaa cha moto na mkono wa kukanda vinafaa, ila usivitegemee peke yake.

Mtoto_wa_Kadutu

Yaya Fundi, aksanti kwa hii uzi. Mimi niko Bukavu, Kadutu, nabebaka mizigo ku porti. Mugongo inaniuma miaka mbili sasa. Batu ba kazi banakunywaka tramadoli asubui mbele ya kubeba, njo tunapata nguvu. Sasa nikikosa ile dawa natetemeka, natoka jasho, usingizi hakuna. Nifanye je?

Kinezi_Himbi

Mdogo wangu, umefanya vizuri kusema. Huko kutetemeka si mgongo, ni mwili unaidai tramadoli. Usiiache yote kwa siku moja. Nenda kituo cha afya na mtu unayemwamini, utaje idadi ya kweli unayomeza kwa siku, hata kama inakuaibisha, maana daktari atapunguza kwa kuanzia idadi hiyo. Na wakati unangoja, usiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Tramadoli ikizidi inaleta kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kukiona, na mchanganyiko unaweza kusimamisha pumzi.

Tena kwa mgongo wa muda mrefu hata haisaidii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauzishauri dawa za jamii hiyo ya tramadoli, yaani za afyuni. Unashauri elimu, mazoezi na tiba ya mazungumzo. Najua mnalipwa kwa gunia na hakuna atakayekulipa kupumzika. Anza na kutogeuza kiuno gunia likiwa begani: geuka kwa miguu.

Mzee_Kyeshero

Mimi mgongo mzima. Nyayo ndizo zinawaka kama nimekanyaga makaa, zaidi usiku, na shuka ikinigusa nasikia sindano. Nina kisukari miaka 11. Diklofenaki hainifanyii kitu.

Kinezi_Himbi

Papa, haiwezi kukufanyia, kwa sababu hapo zinazoumwa ni neva zenyewe, na kwa figo za mwenye sukari dawa hiyo ni hatari. Kwa maumivu ya neva madaktari mara nyingi hutumia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, kama miligramu 10 au 25. Kwenye karatasi yake utasoma ni ya huzuni, usikasirike ukadhani umeitwa kichaa. Inachukua wiki kadhaa, inakausha mdomo na kuleta usingizi, na kama una shida ya moyo au mkojo unatoka kwa taabu, mwambie daktari kabla. Sukari ishuke kwanza. Na tafadhali, miguu usiiloweke kwenye maji moto kabla mtu mwingine hajayapima kwa kiwiko. Nyayo zinazowaka ndizo hizo hizo zisizojua zinaungua.

Ukweli_Mchungu

Nimesoma yote. Kwa lugha fupi mnasema ni mawazo tu. Mtu anaumwa mnamwambia ubongo unamdanganya. Haya maneno ni ya daktari aliyekosa dawa.

Fundi_Majengo

Kaka, nilikuwa na hasira kama yako, kwa hiyo sikugombezi. Nimeambiwa "ni mawazo" na mtu aliyekuwa anaangalia simu yake nikieleza. Huyo alikuwa ananifukuza. Aliyeniambia neva zangu zinalala na viatu alikaa nami saa nzima na akanipa kazi ya kufanya kesho yake. Tofauti ndiyo hiyo. Jirani yangu aliyelala na viatu hakuwa anaigiza, moyo wake ulikuwa unadunda kweli, jasho lilikuwa la kweli.

Mguu_Mmoja_Ndosho

Niingilie kwa huyu kaka. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti 2012, mwaka wa vita. Vidole vyake vinaniuma mpaka leo. Kidole gumba hujikunja kama kimebanwa mlangoni. Niambie basi, kinachouma kiko wapi? Mguu ulizikwa. Kama maumivu yangekuwa yanakaa kwenye nyama tu, mimi ningekuwa mzima kuliko nyote.

Kilichonipunguzia ni kioo. Unakaa, kioo kirefu katikati ya mapaja, unaficha upande uliokatwa, unatazama mguu mzima kwenye kioo, unauchezesha polepole. Jicho linaona miguu miwili. Siku ya kwanza nilihisi kile kidole kinanyooka, nikaogopa nikakitupa kioo. Mhindi mmoja anayefanya kazi Marekani, Ramachandran, ndiye aliyeleta wazo hilo miaka ya 1990. Si wote linawasaidia. Mwenzangu wa chumba halikumfanyia lolote.

Ukweli_Mchungu

Sawa mzee. Hapo umenikamata.

Mke_wa_Dereva

Mimi siumwi, anayeumwa ni baba watoto. Nimfanyie kila kitu au nimwache? Nikimsaidia analala siku nzima, nikimwacha majirani wanasema sina huruma.

Fundi_Majengo

Dada, mume wangu alinifanyia kila kitu kwa upendo na nilizidi kuharibika. Siku kinezi alipomwita, alimwambia aache kuniuliza "unaumwa?" kila akiingia. Sasa ananiuliza "umefika bobini ya ngapi?" Mpe baba watoto kazi moja ambayo ni yake, ndogo, ya kila siku, hata kama ni kununua makaa, na usimnyang'anye siku anayonuna. Majirani waache waseme.

Duka_la_Afya

Tunayo mikanda ya sumaku ya kiuno, inavuta maumivu yote, njoo inbox.

Fundi_Majengo

Ule mkanda ninao, wa dola 30. Umefunga mlango wa banda la kuku. Mwongozo aliousema Kinezi hapo juu unaikataa mikanda ya kiuno, ungejisomea kabla ya kuja kuuza humu.

Mama_Mapacha

Mimi naona yangu inafuata usiku. Risasi zikisikika, au hata uvumi tu, asubuhi shingo na mabega ni jiwe. Usiku mtulivu, naamka afadhali. Najidanganya?

Kinezi_Himbi

Hujidanganyi, mama. Usiku mmoja bila usingizi unatosha kufanya mguso ule ule uume zaidi kesho yake. Na mwili unaosikiliza risasi haulegezi mabega. Siwezi kukuandikia dawa ya kunyamazisha mji. Ninachowapa watu wangu ni pumzi: ingiza kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano, mkono juu ya tumbo, kabla ya kulala na ukishtuka. Na kama picha za yaliyopita zinakurudia usingizini, tafuta mshauri wa kisaikolojia. Hospitali kubwa na vituo kadhaa hapa Goma na kule Bukavu wanao, na kwenda huko si kukubali kwamba unaigiza.

Mtoto_wa_Kadutu

Yaya Fundi, narudia. Sasa juma tatu. Nilienda ku santé na kaka yangu, niliwaambia kweli, nilikuwa nakunywa sita kwa siku. Banapunguza. Leo niko ku ine. Juma ya kwanza ilikuwa mubaya sana, sitafiche. Lakini jana nililala mpaka saa kumi na moja. Mugongo ingali inauma, na gunia nageuka na miguu kama Kinezi alisema, bakubwa ba kazi banasema natembea kama bata.

Fundi_Majengo

Tembea hivyo hivyo mdogo wangu, bata hajawahi kulalamika kiuno. Ukifika tatu uandike hapa hapa, hata kama ni usiku. Mimi bobini imeisha, nasimama.